Chai Juu ya Jeki

Inama kwanza. Kabla hujanionyesha picha kwenye simu, kabla hujaniambia rafiki yako amefunga za aina gani, piga goti ulitazame gari lako kwa chini. Nimechomelea vyuma hapa Machakos kwa zaidi ya miaka thelathini, na nawaambia wanangu, wengi wanaokuja kutaka rokslaida hawajawahi kuona tumbo la gari lao. Rangi yake wanaijua, redio yake wanaijua, jina la gari wamelibandika hata kwenye kofia. Waulize chesisi, ile fremu ya chini inayobeba bodi, imepita wapi, watakuangalia kama wanafunzi walioitwa ubaoni bila kusoma.

Rokslaida, kwa asiyejua, ni vyuma viwili virefu vinavyolala chini ya milango, kimoja kila upande. Gari likishuka juu ya jiwe, chuma ndicho kigonge na kuteleza, bodi ipone. Sisi zamani tuliviita vyuma vya ubavuni, na hatukujua kwamba siku moja vitauzwa kwenye simu vikiwa na taa za buluu.

Mimi ni Syombua. Nilianza kwa kuuza chai na mandazi kwenye karakana za jua kali nyuma ya soko. Jinsi nilivyovuka kutoka kwenye birika hadi kwenye mashine ya kuchomelea ni hadithi fupi. Siku moja nilimwambia Fundi Salim kwamba mshono wake umepinda. Hakukasirika. Alivua miwani yake ya kazi, akanipa, akasema, "Haya binti, unyooshe." Wangu ulipinda zaidi. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaniambia nirudi kesho, na mandazi nilete vilevile.

Salim alikuwa Mwislamu wa mji huuhuu. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka pwani na biashara akaoa hapa. Alisema Kikamba kutuzidi sisi wenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba wateja wengine walijikuta wakimwamkia mara mbili. Kila nilichojua kuhusu chuma, alinipa yeye. Na nilichokosea zaidi ya vyote, nilikikosea kwa kumheshimu yeye. Nitafika huko.

Katika karakana ya Salim, chuma cha ubavuni hakikutoka bila chai. Tukishamaliza kufunga, fundi aliyechomelea aliingia ndani ya gari, akakaa upande wa chuma chake. Jeki iliwekwa chini ya chuma chenyewe, pale katikati, gari likapandishwa mpaka magurudumu ya upande ule yakaacha ardhi. Chini ya chesisi tulikuwa tumepanga magogo mazito, tukiacha nafasi ya vidole viwili tu, ili jeki ikiteleza gari lisianguke. Hilo msilisahau, mkaniiga nusu mkaumia. Basi mwenye gari aliletewa glasi ya chai ya moto, naye akampelekea fundi kule juu. Fundi alifungua mlango, akapokea glasi, akafunga mlango, akanywa taratibu, akafungua tena, akarudisha glasi tupu. Watu wote wa jua kali walikuwa wakisimama kutazama. Gari likashushwa, mwenyewe akaenda zake akiwa na hadithi ya kusimulia.

Nami kwa miaka mingi nilidhani ile chai ni maringo ya Salim. Niliipenda, maana siku ya zamu yangu nilikaa kule juu kama bibi harusi, nikajifanya sioni wanaoniangalia.

Juzi kijana mmoja alikuja kutoka Syokimau, gari linang'aa, fobaifo ya kuvuta magurudumu yote manne, na haijawahi kukanyaga hata kinyesi cha mbuzi. Mimi siku hizi sifanyi kazi, nakaa tu pale karakana kwa Kavata, msichana niliyemfundisha, ambaye sasa ndiye mwenye mahali. Kijana akanifuata penye kivuli.

"Niaje mathee. Cheki hizi rokslaida, ni orijino, zimetoka ng'ambo."

"Sijambo, mwanangu. Zinabeba nini?"

"Zinabeba swagi, mathee. Ziko na taa."

"Kavata, leta jeki."

Tukaiweka chini ya chuma chake, katikati, na Kavata akapampu mara tano. Gari halikupanda. Kilichopanda ni kile chuma peke yake, kikajikunja polepole kama mtu anayeamshwa kwenda shambani. Kijana akashika kichwa.

"Ai! Hiyo si poa. Hiyo ilikuwa ya kukanyagia tu?"

"Ilikuwa ya kukanyagia," nikamwambia. "Afadhali umeijua hapa kwenye saruji."

Alicheka, namsifu kwa hilo, na leo amekuwa mteja mzuri. Kwa hiyo jambo la kwanza ndilo hilo: jua unanunua kidato cha kupandia ama ngao. Kidato kinabeba mguu wa mtu. Ngao inabeba gari zima na waliomo. Muuzaji akikataa uweke jeki chini ya bidhaa yake, mshukuru kwa muda wake uende.

Jambo la pili, rokslaida hutengenezwa kwa bomba, basi liangalie kwenye ncha iliyokatwa, sio kwenye rangi. Rangi inaficha mengi. Bomba la vitanda vya shule lina ukuta mwembamba. Ukiligonga kwa spana linalia kwa sauti ya juu, tin! Bomba la kazi linajibu kwa sauti nzito kama mzee aliyekatizwa usingizi. Mimi nilipenda ukuta usiopungua milimita nne. Usitake nene kupita kiasi pia. Kuna mkulima wa Kithimani alitaka tumwekee bomba nililoliona mimi linafaa kushikilia daraja. Tulimwekea, maana mteja ni mfalme, na lile gari tangu siku hiyo lilipanda vilima likihema, na yeye akaanza kulaumu dizeli.

Na mkishapata bomba zuri, zibeni ncha zake, kisha mtoboe tundu dogo upande wa chini ili maji ya ndani yatoke. Mimi niliwahi kuacha ncha wazi, nikisema nitaziba wiki ijayo. Gari lilikuwa la mchungaji. Nyigu wakaona nyumba nzuri, haina kodi, wakahamia. Jumapili mchungaji akafika kanisani, akateremka amevaa kanzu yake nyeupe, akafunga mlango kwa nguvu kama kawaida yake. Walioshuhudia walisema hajawahi kuingia kanisani mbio namna ile, na waumini nyuma yake wakaingia mbio vilevile, hata wale ambao kwa kawaida husimama nje mpaka sadaka ipite. Aliporudi kwangu uso umevimba, aliniambia ameshanisamehe, lakini aliitazama karakana kwa jicho moja tu lililokuwa likifunguka.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama upande wa Mwala. Walikuwa wamezoea kulimiana mashamba kwa mwethya, yaani leo tunaenda kwako wote, kesho kwangu, na kwa umoja huohuo wakanunua gari moja la zamani, fobaifo ya milango miwili mbele na mmoja nyuma. Lilibeba ndengu na kunde kwenda soko la Muthetheni, likabeba wagonjwa, na zaidi ya yote likabeba akina mama wa kujifungua, kwa sababu kati ya vijiji vyao na zahanati kulikuwa na mto wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima, wenye mawe, na wakati wa shida punda hakimbii. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Ndanu, mkunga wa jadi, mwanamke mfupi ambaye ukimwona akija unajikuta umezima redio.

Alikuja na dereva wao, Kimeu, akanieleza anachotaka.

"Fundi, hapa chini mawe inakula gari yetu. Tuwekee chuma. Lakini tuko na akina susu, miguu yao haiinuki. Hiyo chuma iwe chini kidogo, wapande nayo."

"Itakuwa, mwaitu," nikasema. Susu ni bibi kwa Kikamba, na mwaitu ni mama; ukimwita mtu mwaitu umemheshimu. Ila ningemheshimu zaidi kama ningemwambia ukweli, kwamba chuma kimoja hakiwezi kuwa ngazi ya bibi na ngao ya gari. Kikishuka kumfuata bibi, kinalifuata jiwe pia. Nilitaka kumridhisha. Nilitaka pia asikie kwamba fundi mwanamke haoni kitu kigumu.

Kazi ikaenda vizuri upande wa kulia. Upande wa kushoto, bomba la ekzosi, la kutolea moshi, lilipita palepale ambapo mkono wa katikati, mmoja wa vile vipande vinavyokiunga chuma na gari, ulipaswa kuishika chesisi. Njia sahihi ilikuwa kuisogeza ekzosi, kazi ya nusu siku. Mimi nikaona niupandishe ule mkono kidogo, niuchomelee kwenye kizingiti cha mlango, kwenye bodi. Ukiangalia ulikuwa umekaa vizuri sana. Mshono ulikuwa umenyooka, Salim mwenyewe angeusifu. Wanangu, bodi ya gari ni kama shati, chesisi ndiyo mifupa. Mimi nilimtundikia mtu mzigo kwenye kifungo cha shati.

Hata hivyo jeki ingenikamata. Ingeinua kile chuma, chuma kingesukuma kizingiti, mlango ungebanwa, nami ningekaa kule juu na aibu yangu mbele ya jua kali yote, jambo likaishia hapo. Lakini ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kabla ya hapo kazi za ubavuni hazikuwahi kuangukia mwezi ule. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Salim alikuwa amefunga, midomo mikavu, ameenda kuswali adhuhuri. Mama Ndanu alikuwa ameshaijia glasi, maana sifa za chai yetu zilikuwa zimefika mpaka Mwala. Nikaona haya. Nikajiuliza, mtu huyu amenipa kazi mikononi, nami nikae juu ya gari katikati ya karakana yake ninywe chai tamu, yeye anarudi kutoka msikitini na kiu? Nikamwambia Mama Ndanu, "Leo hatunywi, mwaitu. Fundi mkubwa amefunga." Akaitikia kwa kichwa, akanisifu kwa adabu. Kimeu akawasha gari wakaenda. Jeki haikutoka hata mahali pake.

Siku ya tatu gari likarudi, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani.

Mama Ndanu hakupiga kelele. Angepiga ningeona afadhali. Alikaa kwenye kigoda cha Salim akanieleza taratibu. Walikuwa wanampeleka Mwikali zahanati, uchungu umeshamshika, amekaa mbele upande wa kushoto kwa sababu nyuma kumejaa magunia mpaka juu, na Mama Ndanu mwenyewe ametangulia mtoni kwa miguu kuonyesha njia. Katikati ya mto gari liliteleza kwenye mchanga likalala juu ya jiwe, upande wangu. Kile chuma kilisukumwa juu, kizingiti kikainuka, mlango ukabanwa ukakataa kabisa. Kimeu alitoka upande wake, lakini Mwikali na tumbo lile hangeweza kupita kati ya usukani na gia. Akabaki ndani, jua la saa saba, na mtoto haungoji.

"Sasa mlifanyaje?" nikauliza.

"Mungu yuko," Mama Ndanu akasema. "Kulikuwa na akina mama hapo wanachota maji kwa mchanga. Tukachomoa mti ya mkokoteni ya punda, tukainua gari sisi wote, kama mwethya. Tukavunja mlango na hiyo mti. Mwikali akashuka, akafika tu kando ya mto, akasema mwaitu, siendi tena. Tukamzungushia leso. Mtoto akazaliwa hapo kwa mchanga."

"Ako salama?"

"Ako salama, msichana, na sauti yake ni kama ya jogoo. Tumemwita Nzilani."

Nzilani ndilo jina letu la mtoto wa kike aliyezaliwa njiani. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, nusu kwa furaha, nusu kwa woga wa kitu kilichopita karibu na mimi bila kunigusa.

Ndipo akaniambia lililomleta. Kikundi kilikuwa kimekaa, na wengi walitaka gari lipelekwe Nairobi, kwenye duka kubwa. Walikuwa wakisema kumbe ndiyo maana kazi ile ni ya wanaume. Binti wawili wa kikundi, waliokuwa wameomba kuja kujifunza kwangu, wameambiwa warudi jikoni.

"Mimi nimewaambia tungoje," akasema. "Fundi, tengeneza tena. Ukimaliza, tutarudi kwa hiyo jiwe. Kimeu ataiweka gari juu yake makusudi, na wewe utakuwa umekaa pale Mwikali alikuwa amekaa. Mlango ikifunguka, wewe ni fundi wetu. Ikikataa, tutakutoa na mti ya mkokoteni, halafu tuende Nairobi."

Salim alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Walipoondoka nilimweleza kwa nini hatukunywa chai. Akatikisa kichwa.

"Binti, saumu ni yangu, si ya gari. Ungekunywa mbele yangu, na mimi ningekushikia sahani."

"Niliona ni chai tu, Fundi. Niliona ni mzaha."

"Ni mzaha ndiyo. Unajua kwa nini niliuweka? Ukimwambia fundi ajaribu mlango, atakwambia ameshajaribu, na hajaugusa. Mafundi ni wavivu, mimi wa kwanza. Lakini sijamwona fundi atakayeacha chai ya bure imfikie nje ya mlango asiufungue."

Nilicheka huku bado nalia. Miaka yote ile nilikuwa nimekunywa mtihani nikidhani ni kinywaji.

Tulianza upya. Niliivua ile kazi yote kwa grainda, hata upande wa kulia. Niliisogeza ekzosi kwa ndani, nusu siku ileile niliyoikwepa, nikaangalia mabomba ya breki na mafuta yako wapi kabla moto haujawaka, nikafungua waya za bateri. Mikono mitatu kila upande, yote mitatu kwenye chesisi, na kila mkono nikauwekea bamba pana pale unaposhikia ili mzigo usikae mahali pamoja. Chuma nikakivuta juu, karibu na bodi, nikabakiza upenyo wa vidole viwili, kwa maana bodi hukaa juu ya mipira na hucheza gari likitembea. Nikakitoa nje kidogo kupita mlango, na ukingo wa nje nikauinua kidogo, jiwe likigusa lisukumwe kando. Hivyo ndivyo mnavyopaswa kuangalia mkienda kuchagua: inashika wapi, imekaa juu kiasi gani, inatoka nje kiasi gani. Na kama gari lako ni lile la mjini lisilokuwa na chesisi, bodi na mifupa ni kitu kimoja, usikubali fundi akufungie chuma kizito kama cha hawa wengine. Mwambie akuonyeshe kwanza atakishikiza wapi, na akisitasita, achana naye, ukikuta jiwe ulizunguke.

Ilibaki miguu ya akina susu. Hapo nilikuwa nimekwama kwa siku mbili mpaka Salim alipoinuka kwenye kigoda chake, akakitazama, akanitazama. Nikakata vyuma, nikatengeneza kigoda cha miguu mitatu, cha chuma, nikakiwekea kulabu nyuma ya kiti cha dereva. Gari likisimama, Kimeu anakishusha, bibi anakanyaga, anapanda, kigoda kinarudi mahali pake. Bibi mmoja alikipenda hivi kwamba alikuwa anashuka na kupanda tena bila sababu.

Tulienda mtoni baada ya Idi. Salim alivaa kanzu mpya, akabeba chupa ya chai na glasi iliyofungwa kwenye kitambaa. Nilidhani tutakuta watu kumi. Ukingo wote ulikuwa umejaa: kikundi, waume zao, watoto, wenye punda, mpaka waliokuwa wakitaka Nairobi walikuja, na hao ndio waliopata mahali pazuri pa kukaa. Mwikali alikuwa mbele, Nzilani mgongoni. Nilimwamkia. Akanigeuzia mgongo ili nimwone mtoto, na mtoto alikuwa amelala, hana habari na chuma.

Niliingia nikakaa. Kimeu akaingia upande wake, akaniuliza, "Uko tayari, Fundi?" Nikamwambia hapana, aende tu. Gari likashuka kwenye mchanga, likatafuta lile jiwe, likalipanda kwa gurudumu la mbele. Kisha likateleza. Chuma kilipoligonga jiwe nilisikia mlio kwenye meno. Gari likaegemea upande wangu, likatikisika, likatulia, uzito wake wote wa upande ule umekaa juu ya mshono wangu. Nilisikia punda akitafuna.

Nikashika kitasa. Mkono wangu ulikuwa umelowa jasho, ukateleza mara ya kwanza, na nikasikia watu wakivuta pumzi. Nikafuta mkono kwenye gauni nikashika tena. Mlango ukafunguka kana kwamba gari limesimama kwenye uwanja wa kanisa.

Mama Ndanu alikuwa amesimama palepale, miguu mchangani, glasi mkononi. "Kunywa, Fundi," akasema. Nikapokea. Nikafunga mlango, kama inavyotakiwa. Nikanywa, na nusu yake nikaimwaga kwenye gauni, na ilikuwa na sukari ya kutosha ukoo mzima. Nikafungua tena nikamrudishia glasi. Hapo ndipo vigelegele vilipolipuka, na Salim, mtu mzima na kanzu yake mpya, akaingia mchangani akicheza. Siku ya Jumatatu wale binti wawili walikuwa mlangoni kwa karakana kabla sijafungua kufuli. Mmoja wao alikuwa Kavata.

Salim ametangulia, Mungu amrehemu. Chupa yake ya chai bado iko kwa Kavata, imebonyea upande mmoja, na inatunza moto kuliko mpya zote.

Mwezi uliopita gari liliingia pale karakana, akateremka binti mrefu mwenye sare ya uuguzi. Sauti yake ilimtangulia.

"Susu! Asi, kumbe bado unakaa hapa! Wamenipatia kliniki ya kuzunguka vijijini, na barabara ni mawe tupu. Nataka rokslaida. Nimeona zingine kwa simu, ngoja nikuonyeshe."

"Inama kwanza, Nzilani," nikamwambia.

Akainama na sare yake nyeupe, akalala kabisa chini ya gari, akaanza kuniuliza kila kitu. Tulichagua pamoja: bomba la sauti nzito, mikono mitatu kila upande, karibu na bodi, ncha zimezibwa kwa ajili ya nyigu. Kavata akachomelea siku mbili. Ilipofika saa ya jeki, niliweka fimbo yangu kando, nikasema nisaidiwe kupanda. Kwa desturi anakaa aliyechomelea, lakini nilitaka kulipa deni la moyo wangu mwenyewe kwa mtoto huyu. Nzilani akanishika bega.

"Hapana, susu. Leo nakaa mimi."

Akaingia. Kavata akapanga magogo, akaweka jeki katikati ya chuma, akapampu. Magurudumu yakaacha ardhi. Nilikuwa nimesimama nje, glasi mkononi, na macho yangu hayakuwa kwenye jeki wala kwenye chuma. Yalikuwa kwenye upenyo wa ule mlango, juu, kando, chini, nikitafuta kama umebadilika hata unene wa unywele. Nzilani akafungua. Akafunga. Akafungua tena, akafunga, akafungua, anacheka kama mtoto aliyepewa toi, na mlango unaenda na kurudi. Kisha akanyoosha mkono, akapokea glasi, akanywa, akakunja uso.

"Susu," akasema, "hii chai imepoa kabisa."